Mpira wa Kioo Mkokotoni: Sifa na Kasoro za Winning Eleven

Historia ya watu haimo katika vita, mikataba na majina ya wafalme peke yake. Imo pia katika michezo yao, maana mchezo hudhihirisha mambo ambayo watu huyahesabu kuwa ya haki, ya fahari na ya aibu, hata pale ambapo hawakukusudia kuyaeleza. Kwa sababu hiyo bao, ngoma na mashindano ya mashua yamepata heshima ya kuandikwa na wataalamu. Lakini upo mchezo mwingine uliokaa katika pwani hii kwa miaka mingi, ukalea vijana wa zaidi ya rika moja, na mara nyingi ukapitwa kwa kudhaniwa kuwa ni upuuzi wa watoto. Mchezo huo ni kandanda ichezwayo katika kioo cha televisheni, ambayo vijana wa Unguja na bara huiita kwa neno moja tu, gemu.

Katika michezo ya namna hiyo, uliopendwa kupita yote kwa muda mrefu ulikuwa ule wa kampuni ya Konami ya Japani, uitwao Winning Eleven kwao, na Pro Evolution Soccer katika nchi za Ulaya. Toleo linalopimwa hapa ni lile la mwaka 2006, ambalo Japani lilitoka kwa jina la Winning Eleven 10, na Ulaya kwa jina la Pro Evolution Soccer 6. Limekwisha kuwa jambo la kale sasa, nalo hupendwa kama vitu vya kale vipendwavyo. Yafaa basi kuuliza wema wake ulikuwa nini, ubaya wake ulikuwa nini, na hukumu gani imstahilie mchezo huu akisimama mtu katika mji kama Mkokotoni na kuutazama kutoka huko.

Mkokotoni ni mji wa bandari ulioko kaskazini-magharibi mwa Unguja, unaotazamana na kisiwa cha Tumbatu. Ndio makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, lakini mgeni afikapo huko, macho yake hukutana na mashua na ngalawa kabla ya kukutana na ofisi. Husikia samaki wakinadiwa, na huwaona watu wakingoja chombo cha kuwavusha kwenda Tumbatu. Ni mahali pa kale. Katika ardhi yake zimefukuliwa shanga nyingi za kioo zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, na ng'ambo ya mlango wa bahari, huko Makutani katika kisiwa cha Tumbatu, yamo magofu ya mji wa mawe uliostawi katika karne ya 12 na ya 13. Kwa hiyo kitu cha kioo kitokacho mbali si ajabu mpya katika upande huo wa kisiwa. Watu wa kale walizipokea shanga ambazo hawakuzifanya wao, wakazitunga katika nyuzi zao na kuzivaa kwa mtindo wao. Swali la historia huwa lile lile kila kitu kigeni kinapoteremshwa pwani: je, wenyeji walikivaa kitu, au kitu kiliwavaa wenyeji?

Kandanda yenyewe ilikuwa ngeni siku moja. Ilifika Zanzibar katika karne ya 19 kwa mikono ya Waingereza, hasa walimu wa shule ya misioni ya Kiungani na wafanyakazi wa kampuni ya simu za chini ya bahari. Haikukaa kuwa mali yao. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya kwanza, vijana wa mjini na wa Ng'ambo walikuwa na klabu zao, na viwanja vya Mnazi Mmoja vilikuwa mahali pa mashindano, pa fahari na pa kudai heshima mbele ya watawala. Mashindano ya Kombe la Gossage yalianza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda; Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar ikaingia mwaka 1949. Neno hili lifaa kushikwa vizuri, maana litahitajiwa mbele: Zanzibar ilikuwa timu yenye jina lake katika Afrika Mashariki miaka 14 kabla ya uhuru wa Desemba 1963. Baada ya Mapinduzi na Muungano wa mwaka 1964 jina hilo halikufutwa katika mashindano ya kanda. Uwanja wa Amani ulifunguliwa mwaka 1970, na mwaka 1995 timu ya Zanzibar ilichukua Kombe la Afrika Mashariki na Kati katika ardhi ya Uganda.

Kioo nacho kina historia yake. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, na kwa jambo hilo ilizitangulia karibu nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Bara ilingoja mpaka mwaka 1994 ndipo kituo cha ITV kilipoanza kazi. Tena katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ya Zanzibar ilifunguliwa, na vyombo vya umeme, vipya kwa vikuukuu, vikaanza kushushwa bandarini kwa wingi. Sony iliuza mashine yake ya kwanza ya PlayStation nchini Japani mwezi wa Desemba 1994, na ya pili mwezi wa Machi 2000. Hiyo ya pili iliuzwa zaidi ya milioni 150 ulimwenguni kabla ya kuachwa kutengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2013, wala hapajakuwa na mashine ya michezo ya televisheni iliyoishinda kwa hesabu hiyo. Mashine nyingi zilizofika pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kutumiwa na watu wengine, zikafunguliwa na kutiwa chipu ili zikubali diski za nakala. Hivyo mchezo uliouzwa ghali Ulaya ulifika katika kibanda cha mabati na mbao, wenye televisheni moja, benchi moja, na pedi mbili zilizofungwa kwa nyuzi pale waya zilipochubuka. Mwenye kibanda alitoza kwa mechi au kwa muda, na aliyefungwa aliinuka kumpisha mwenzake.

Kabla ya kupima sifa za mchezo wenyewe yafaa kujua ulizaliwa katika ukoo gani. Mwaka 1989 Mwingereza Dino Dini alitoa mchezo wa Kick Off, na jambo lake kubwa lilikuwa kwamba mpira haukugandana na mguu wa mchezaji. Aliyegeuka ghafula aliuacha. Mwaka 1992 ukatoka Sensible Soccer, wenye watu wadogo kama siafu wanaotazamwa kutoka juu, na mwaka 1994 mdogo wake, Sensible World of Soccer, uliokusanya timu karibu 1,500 na wachezaji karibu 27,000. Mwezi wa Desemba 1993 kampuni ya Electronic Arts ikaleta mchezo wenye jina la FIFA, uliotazamwa kwa mshazari, wenye sauti za watazamaji na timu za mataifa. Hapo ndipo njia zilipogawanyika. FIFA ilishika njia ya jina, jezi na fahari ya macho. Konami, katika mfululizo ulioanza Japani katikati ya miaka ya 1990, ilishika njia ya mwendo wa mpira. Ugomvi wa njia hizi mbili uliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila kijana aliyekaa katika benchi la kibanda alikuwa na upande wake.

Sifa ya kwanza ya Winning Eleven ni kwamba mpira ulikuwa na hiari yake. Pasi iliyopigwa na mtu aliyeelekea kwingine ilikwenda kombo. Pasi iliyopokewa na mtu mwenye kasi ilimponyoka. Shuti lililopigwa kwa mguu usio wake lilipaa juu ya mwamba. Kitufe kilikuwa kimoja kwa kila tendo: alama ya msalaba kwa pasi fupi, duara kwa krosi, mraba kwa shuti, pembetatu kwa pasi ya kupenyeza. Mtoto aliweza kuvijua vitufe hivyo kwa dakika chache. Lakini kujua kitufe hakukuwa kujua mchezo. Pasi ya kupenyeza ilitaka mtu auone mwanya kabla haujafunguka, na aliyezoea kukimbia mbele tu alinyang'anywa mpira na mabeki kila mara. Hapo ndipo ulipofanana na bao. Bao nalo lina mashimo yale yale na kete zile zile kwa fundi na kwa mwanagenzi, na tofauti yao huonekana katika hesabu ya mbele. Mchezo wowote ambao sheria zake ni chache na ustadi wake hauna mwisho hudumu, na huu ulidumu kwa sababu hiyo.

Sifa ya pili ni mshale. Kabla ya kila mechi, kando ya jina la kila mchezaji palitokea mshale wa rangi. Ukielekea juu na kuwa mwekundu, mchezaji yu katika siku yake njema. Ukielekea chini, siku yake imeharibika, hata akiwa bingwa wa dunia. Kwa jambo hilo dogo watengenezaji walitia katika mashine kitu ambacho hesabu huwa hazikijui, yaani hali ya siku. Mwenye timu kubwa alilazimika kumweka nje nyota wake na kumwamini mtu asiye na jina. Watu wa pwani, wajuao kwamba nahodha hodari na chombo kizuri bado hungoja upepo, hawakuhitaji kufafanuliwa maana ya mshale huo.

Sifa ya tatu ni ule mkondo wa mchezo ulioitwa Master League. Mwenye kuuingia alikabidhiwa kikosi cha watu wasiokuwako duniani, wenye majina ya kubuniwa kama Castolo na Minanda, wazito wa miguu na wepesi wa kuchoka. Kwa watu hao dhaifu alitakiwa ashinde kidogo kidogo, apate pointi, anunue mchezaji mmoja, auze mwingine, na baada ya misimu kadha awe na timu ya kutisha. Haba na haba hujaza kibaba: funzo ni la kale, lakini hapa lilifunzwa kwa vitendo, na kijana asiyependa hesabu darasani alipiga hesabu ya mishahara ya wachezaji bila ya kuona taabu.

Sifa ya nne haimo katika diski bali katika benchi. Mashine ilikuwa na matundu mawili ya pedi, na wachezaji walikaa bega kwa bega. Aliyefunga bao alimwona aliyefungwa usoni, akamsikia, na kesho walikutana sokoni au msikitini. Baraza la Kiswahili ndivyo lilivyo: mzaha una mipaka kwa sababu watu wana kesho pamoja. Kibanda cha gemu kilikuwa jirani wa keram na dhumna, na desturi zake zilitoka huko. Watazamaji walikuwa wengi kuliko wachezaji, na kila mmoja alikuwa mtangazaji, mwamuzi na mwalimu. Baadhi ya diski zilikuwa na maandishi ya Kijapani au lugha nyingine zisizojulikana na mtu kibandani. Vijana walihifadhi njia kwa moyo, kwamba la tatu kutoka juu ni la kuchagua timu, na la mwisho ni la kutoka.

Sasa yapasa kutaja kasoro, nazo si chache. Ya kwanza ni ya uamuzi. Refa wa mashine alilaumiwa sana, hasa katika toleo la 5 la mwaka 2005, kwa kupiga filimbi kwa kila mgusano wa bega, na katika toleo la 6 lawama haikuisha. Katika uwanja wa kweli refa mbaya huweza kusemeshwa, kuzomewa au kubadilishwa. Refa wa diski hasikii.

Kasoro ya pili ni ukuu wa tarakimu. Kila mchezaji alipewa namba kwa kasi, kwa nguvu na kwa akili yake, na pale namba ilipozidi kipimo, mizani ya mchezo ilivunjika. Mfano ujulikanao ni Adriano wa Brazili na Inter Milan, ambaye nguvu ya shuti lake ilifikia 99, ukomo wa hesabu ya mchezo. Aliyekuwa na Adriano hakuhitaji kujenga shambulio. Alihitaji nafasi ya hatua mbili na mguu wa kushoto. Mshale uliopunguza kiburi cha wakubwa ulishindwa mbele ya namba hiyo, na ufundi wa pasi, ambao ndio roho ya mchezo huu, ukaweza kuzimwa na mtu asiyeujua.

Kasoro ya tatu ni ya mazingira. Mchezo ulijua mvua, ulijua hata theluji, ambayo mtoto wa Mkokotoni hajaikanyaga. Haukujua mchanga. Haukujua uwanja ambao mwisho wake ni maji, na mechi ambayo humalizika kwa sababu bahari inajaa. Viwanja vyake vyote vilikuwa vya nyasi zilizokatwa sawa, na kijana aliyejifunza mpira hapo alijifunza mpira wa nchi nyingine. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mchezo hufunza pia kwa mambo unayoyaacha. Kadhalika hapakuwamo mwanamke hata mmoja uwanjani, na katika kibanda chenyewe wasichana walikuwa wachache mno. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mwenye senti, lakini desturi ilikaa mlangoni.

Kasoro ya nne ni ya umeme na fedha. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kikakaa gizani kwa miezi mitatu. Bao na dhumna hazikusita kwa siku moja. Gemu lilinyamaza kila mahali pasipokuwa na jenereta. Tena wazazi na walimu walilalamika kwamba senti za chakula cha shule ziliishia kibandani, na kwamba mechi ziligeuzwa kamari. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure, ingawa karata na keram zilipata kushitakiwa kwa kosa hilo hilo kabla ya mashine kufika.

Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko hizo zote ni ya tano, nayo ni ya jina. Pro Evolution Soccer haikuwa na ruhusa ya majina yote. Chelsea iliitwa London FC, na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Katika matoleo ya nyuma zaidi wachezaji wa Uholanzi walipata kuitwa kwa jina la chungwa na namba zao tu. Kwa Ulaya jambo hili lilikuwa kichekesho. Kwa watu wa Mkokotoni lilikuwa na uzito mwingine, maana London FC angalau ilikuwako. Kila mtu aliijua kwa rangi na kwa sura za watu wake. Zanzibar haikuwako hata kwa jina la uongo. Wahenga wamesema asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 2006 ulikuwa na kinaya cha pekee. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni ya mwaka huo, siku chache kabla ya Kombe la Dunia kufunguliwa Ujerumani tarehe 9 Juni, timu ya Zanzibar ilikuwa nchini humo humo, mjini Hamburg, ikicheza mashindano yaliyoitwa FIFI Wild Cup, ya timu zisizokubaliwa na FIFA. Walikuwamo Greenland, Tibet, Gibraltar na Kupro ya Kaskazini. Zanzibar ilifika fainali, ikashindwa na Kupro ya Kaskazini kwa mikwaju ya penalti. Miezi michache baadaye, mnamo Oktoba, ikatoka Pro Evolution Soccer 6 yenye timu za mataifa, na katika hizo zimo Uingereza, Uskoti, Welisi na Ayalandi ya Kaskazini, kila moja kwa bendera yake. Hizo nne ni sehemu za dola moja. FIFA husema nchi moja chama kimoja, na kwa vyama hivyo vinne huacha mlango wazi, kwa kuwa ni vya kale kuliko FIFA yenyewe iliyoundwa mwaka 1904. Hesabu ya watu haiwezi kuwa ndiyo sababu. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu 1,903,175 Ayalandi ya Kaskazini; sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,889,773 Zanzibar.

Hata hivyo haki yataka neno la upande wa pili lisemwe. Si FIFA peke yake iliyoifungia Zanzibar nje ya kioo. Tanzania ni mwanachama wa FIFA tangu mwaka 1964, na katika mchezo huo haimo pia, wala haimo Kenya, wala Uganda. Kutoka Afrika ziliingizwa zile timu chache zilizojulikana katika soko la Ulaya na Japani, kama Kamerun, Nijeria na Kodivaa. Milango basi ilikuwa miwili, mmoja wa siasa na mmoja wa biashara, na Afrika Mashariki nzima ilisimama nje ya ule wa pili. Tofauti ni kwamba wa pili hufunguka kwa fedha na umaarufu, ila wa kwanza hufunguka na kufungwa kwa kura. Zanzibar iliujua ukweli huo mwaka 2017. Tarehe 16 Machi, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Kandanda la Afrika liliikubali kuwa mwanachama wake wa 55. Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo likaiondoa, likisema haliwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja. Mwezi wa Desemba timu hiyo iliyofutwa ikaenda Kenya kwa Kombe la Afrika Mashariki na Kati, ikawafunga Tanzania Bara 2–1, ikawatoa Uganda katika nusu fainali, na katika fainali ya Machakos ikatoka sare 2–2 na Kenya kabla ya kushindwa kwa penalti. Katika kikosi hicho alikuwamo Feisal Salum, ambaye baadaye alijulikana sana katika timu ya Taifa ya Tanzania. Mchezaji wa Zanzibar, kwa hiyo, ana njia ya kufika duniani. Jina la Zanzibar ndilo lisilo na njia.

Hapo ndipo kasoro na sifa za mchezo huu zinapofungamana. Kwa sababu Konami ilinyimwa ruhusa ya majina mengi, iliweka ndani ya mchezo karakana ya kuyarekebisha. Mwenye pedi aliweza kubadili jina la timu, kuchora jezi na bendera, kumpa mchezaji sura, kimo, rangi ya ngozi na namba za ustadi wake. Ulaya karakana hiyo ilitumiwa kuirudishia Chelsea jina lake. Lakini chombo hakiulizi nia ya anayekishika. Kilichomwezesha kijana wa Manchester kusahihisha jina la klabu, kilimwezesha kijana wa Mkokotoni kuchukua timu asiyoitaka na kuiita Zanzibar, au Tumbatu, au kuipa jina la timu ya mtaa wake, na kuipeleka ikapambane na Brazili. Kazi yote hiyo ilihifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu yenye nafasi ya megabaiti 8, ndogo kuliko kiberiti, aliyoichomoa na kuitia mfukoni.

Msomaji atauliza kama huo si mchezo wa kujidanganya. Jibu ni kwamba una kipimo chake. Timu iliyoandikwa katika kadi haikupata uanachama, haikulipwa, wala haikuonekana nje ya kibanda. Tena aliyeibuni alilazimika kuwapa watu wake namba, na hapo alikutana na jaribu kubwa: akimpa kila mmoja 99, ushindi hauna ladha, akiwapa namba za haki, watafungwa. Kuamua thamani ya watu wako mwenyewe bila ya kuwapunja na bila ya kuwasifu kwa uongo ni kazi ngumu, nayo ni kazi ya mwanahistoria pia. Mchezo uliomtaka kijana ajiulize swali hilo haustahili kuitwa upuuzi.

Yaliyofuata yanaongeza uzito wa hukumu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: toleo lililofuata, la 2008, lilipokewa kwa lawama, na mashabiki wengi wakahamia FIFA. Mwaka 2021 Konami iliacha jina la zamani na kuleta eFootball, inayotolewa bure na kutegemea intaneti. Electronic Arts na FIFA nao waliachana, na tangu mwaka 2023 mchezo wao huitwa EA Sports FC. Michezo hii mipya ni mizuri kwa macho, lakini mwenyewe hukaa mbali na huweza kuibadili au kuifunga apendapo. Diski ya 2006 haina mwenyewe mwingine ila aliye nayo. Itachezwa mradi mashine inawaka.

Basi hukumu ya Winning Eleven ni kwamba ulikuwa mchezo wa haki ndani ya mistari ya uwanja, na wa upendeleo nje ya mistari hiyo. Ulimpima mchezaji kwa akili yake pale alipokwisha kuingia, lakini haukuwajali walioachwa mlangoni, ila kwa bahati, kwa njia ya karakana iliyojengwa kwa haja nyingine. Sifa zake zilitoka kwa mafundi wa Tokyo. Utu wake ulitoka katika benchi.

Imebaki kazi moja ya wanachuo. Mwaka 2007, Marekani, kamati iliyoongozwa na Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford ilitaja michezo kumi ya kompyuta iliyostahili kuhifadhiwa, na Sensible World of Soccer ukawa mmojawapo, wa pekee wa riadha na kandanda katika orodha hiyo. Walioichagua walitazama diski. Lakini katika Afrika Mashariki kilicho na thamani si diski, ambayo dunia nzima inayo, ni kadi. Timu za Zanzibar, za Tumbatu na za mitaa, ikiwa zimesalia popote, zimo katika kadi zilizotupwa makabatini pamoja na chaja zilizokufa, na kumbukumbu za namna hiyo huharibika kwa chumvi na unyevu wa pwani. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, zimehifadhi barua za makonsuli na hesabu za karafuu. Kadi chache zilizoandikwa na vijana wa Mkokotoni, pamoja na maelezo ya wenyewe wakiwa bado hai na wakikumbuka ni nani waliyempa namba gani na kwa sababu gani, hazingechukua nafasi kubwa katika rafu zake.